Mafuta ya Kondoo kwenye Gurudumu

Jumatatu, 1 Julai

Mwezi wa saba sasa tangu nitoke Kasulu. Leo tena kung'oa vitunguu swaumu. Ukungu mpaka saa nne, udongo baridi, vidole havishiki. Mgongo ndio usiseme. Hata uji wa asubuhi unanuka swaumu, kumbe ni mikono yangu.

Baba Yosefu, mwenye shamba, kaja kusimama kwenye tuta langu. Mtu wa kanisa, Mwiraqw wa hapahapa Nambis, maneno machache. Kasema Alhamisi tunakwenda Dirma kuchukua gari, na mimi nitakuwa utingo. Sikuomba. Boay, mpwa wake, ndiye dereva. Yeye ndiye aliyenitaja. "Huyu Muha ana mabega, atafaa kubeba gogo." Gogo ni la kuzuia tairi mlimani.

Kila mtu hapa anajua gari ni la nini. Yosefu, mtoto wa mzee, ni mwalimu Yaeda Chini, huko bondeni. Mke wake Martina ni mjamzito. Mimba ya kwanza iliharibika njiani mwaka jana, wakimpandisha mlima kwa pikipiki. Baada ya hapo alikaa ndani miezi, hachoti maji na wenzake, hasalimiani kwa mkono. Mila ya zamani. Wengine kanisani wanasema imepitwa, lakini bibi zake walishika. Safari hii mzee kaapa atapanda kwa gari, tena mapema, asubirie karibu na hospitali. Anatarajiwa mwisho wa mwezi.

Nami nimeahidiwa kwenda nyumbani Martina akishapanda. Si kabla. Nimechoka.

Alhamisi, 4 Julai

Dirma. Vumbi, upepo, mlima Hanang umekaa pale unatutazama siku nzima. Gari ni la mkonga, lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo, four-wheel, jeupe lililokuwa jeupe. Muuzaji alikuwa akibebea mazao. Baba Yosefu kalizunguka kama anayenunua dume: kapiga teke tairi, kafungua mlango, kafunga, kafungua. Breki ya mkono haishiki kabisa. Muuzaji kasema, "Mzee, hiyo ya mkono ni ya watu wa mjini." Tukacheka. Tukalichukua.

Tambarare lilikimbia vizuri. Tulipoanza kupanda, likaanza. Sauti kama mvua kwenye bati, chini ya miguu yetu, inatoka mbele inakwenda nyuma. Shaaaa. Kisha kimya. Tukishuka, mvua inarudi mbele. Boay kapunguza mwendo, kaongeza, kazima redio. Mvua ileile.

Halafu karibu na nyumbani sauti ya pili. Nyembamba, kali, kama mwanakondoo aliyebanwa na mlango. Akikanyaga breki ndiyo inazidi.

Baba Yosefu kauza ng'ombe kulipata. Ng'ombe wote wale, na gari linalia. Nilimwonea huruma.

Nambis wanawake walipiga vigelegele, katekista kaomba, kanyunyiza maji kwenye boneti. Hakuna aliyesikia kitu kwa kelele zao. Afadhali.

Jumamosi, 6 Julai

Wote wamekuwa mafundi. Mwenye mashine ya kusaga kasema ni shokomzoba. Shemeji wa Boay kasema beringi. Katekista kasema injini imechoka, ingawa sauti haiko hata karibu na injini. Mama Yosefu, mke wa mzee, kasema, "Ni nyoka. Kaingia huko Dirma."

Nimelala chini ya gari tangu asubuhi. Nimekaza kila nati niliyoifikia, nimefunga bomba la moshi kwa waya. Tukajaribu mteremko wa kanisani. Mvua palepale. Mwanakondoo palepale.

Boay anacheka lakini hana raha. Yeye ndiye atakayeshika usukani siku ya Martina. Kaniambia, "Mimi siogopi gari bovu. Naogopa gari ambalo sijui ubovu wake." Nimelala na grisi kwenye nywele.

Jumatatu, 8 Julai

Mbulu mjini kwa fundi. Mnene, kofia ya sufu, hana haraka. Kamwambia Boay apande kilima cha gereji yake na kushuka, yeye kasimama kando anakula muhindi. Kisha kaingia uvunguni, kagonga chesesi kwa spana, kasikiliza, kagonga tena. Kaanza kucheka humo humo chini.

Kwenye bomba la chesesi kuna tundu lenye kifuniko cha mpira. Kakichomoa. Maharage yakamwagika. Si kidogo. Yalimwagika mpaka kuku wa jirani wakaja mbio, na bata wawili. Yalikuwa yamepenya kwenye matundu ya sakafu miaka yote hiyo ya kubebea mazao. Gari likipanda yanateremka nyuma, likishuka yanarudi mbele.

Baba Yosefu kayaokota aliyoweza, kayatia kwenye kofia. Mara ya kwanza kumwona anacheka mpaka machozi. "Nimeuziwa gari na mboga yake!"

Ile sauti nyingine bado. Fundi kasema hiyo ni ya gurudumu, lazima afungue yote manne, turudi Ijumaa maana leo ana lori la watu. Sawa. Ijumaa.

Jumatano, 10 Julai

Gidamis kaja kutoka bondeni, kwa miguu, shuka nyeusi, fimbo, kondoo mmoja wa kuuza mnadani. Ni Mbarbaig, rafiki wa Baba Yosefu toka ujana. Huku mtu haweki ng'ombe wake wote nyumbani. Anawaweka kwa rafiki wa mbali, rafiki anakamua maziwa na kuwalinda, ugonjwa ukija hauli wote. Ng'ombe waliouzwa kupata gari walikuwa kwa Gidamis. Kawachunga miaka, kawapa majina. Kwa hiyo kaja kuona walikokwenda.

Nilimpa shikamoo. Kaitikia bila kunitazama. Alikuwa anatazama gari. Kapitisha kiganja kwenye boneti kama kwenye mgongo wa mnyama. "Kumbe ndiye huyu." Kisha kalisikia linalia pale Boay alipolisogeza. Kaudhika kabisa. "Baba Yosefu! Mnyama analia hivi na ninyi mnakunywa chai?"

Kataka liende polepole, lipite mbele yake, yeye kalifuata nyuma kainama. Ndivyo wanavyomtazama ng'ombe anayechechemea. Kaenda, karudi, kaenda. Kisha kapiga fimbo kwenye tairi la nyuma kushoto. "Mguu huu."

Boay kapiga jeki, kazungusha tairi kwa mkono. Kweli, kule ndiko. Watu wakapiga makofi. Gidamis kasema dawa anayo. Mafuta ya mkia wa kondoo, anatembea nayo kwenye kibuyu kidogo. Wanapaka kwa kila kitu: kidonda, ngozi kavu, mtoto mchanga, kamba ya ngozi inayokwaruza. Akayayeyusha jikoni kwa Mama Yosefu. Nyuma ya gurudumu kuna kitundu, Boay kakifungua, mafuta yakamiminwa yote mpaka kibuyu kikakauka. Mimi ndiye niliyeshika tochi na faneli.

Tukajaribu. Kimya. Kimya kabisa. Boay kashuka mteremko wa kanisani, akafunga breki, kimya. Gidamis kasimama pale kama bwana harusi.

Baba Yosefu kasema Ijumaa haina haja. "Mgonjwa amepona, daktari wa nini?" Nilifurahi pia. Ningerudi kwenye vitunguu na siku zingekwenda.

Ijumaa, 12 Julai

Vitunguu. Kufunga mafungu, kuanika. Asteria, mke wangu, kapiga simu, mtandao unakatika. Mtoto anauliza baba yuko kwenye simu au yuko wapi. Kauliza tarehe ya kurudi. Nikasema bado. Akanyamaza. Ningependa agombe. Akinyamaza ndiyo vibaya.

Jumapili, 14 Julai

Ibada haijaisha, simu ya mzee inatetemeka mfukoni. Yosefu. Miguu ya Martina imevimba, na uso. Nesi wa zahanati kasema asisubiri mwisho wa mwezi, apandishwe hospitali wiki hii. Baba Yosefu katoka kanisani kabla ya baraka. Sijawahi kumwona anafanya hivyo.

Kesho alfajiri tunashuka. Mimi na Boay. Nimechonga gogo jipya, la mgunga, zito.

Jumatatu, 15 Julai

Nipo Yaeda Chini. Mzima. Huku ni joto.

Tulianza kushuka vizuri. Boay anaimba. Gari kimya, breki kimya, kwa hiyo alikuwa anashuka kwa gia ya juu, anakanyaga breki tu kila kona. Katikati ya mteremko nikanusa nyama choma. Nikasema kuna watu wanachoma mbuzi humu porini. Boay kasema, "Wangetukaribisha." Kona iliyofuata, bado tunanusa. Kona nyingine, bado. Boay kaacha kuimba. Tulifikiri jambo moja kwa wakati mmoja, nikaona usoni kwake. Nyama haiwezi kutufuata.

Kakanyaga breki. Gari likavuta kulia, upande wa bonde. Kakanyaga tena, pedeli ikazama mpaka sakafuni. Kalazimisha gia ya chini, injini ikapiga ukelele, nikajigonga kwenye dashibodi. Kisha kalipeleka gari kushoto, kwenye ukingo wa udongo, likaparuza, likaparuza, miiba inaingia dirishani, likasimama. Nikaruka na gogo nikaliweka kabla sijajua nimeruka.

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linatoa moshi. Mafuta yanadondoka, tsss, tsss, yamekuwa ya kahawia. Harufu nzuri kabisa. Nilitapika.

Tulikaa chini mpaka magurudumu yakapoa. Boay kafuta mafuta kwenye rimu kwa kitambaa. Kisha: "Lilikuwa linatuambia. Tukaliziba mdomo." Tukateremka sehemu iliyobaki kwa gia ya kwanza, mimi natembea na gogo kando ya tairi.

Martina kasimama mlangoni kwa Yosefu, uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Kanusa. "Karibuni, shemeji zangu. Nyama iko wapi?" Boay kageuka ukutani kama anatazama kitu. Alikuwa analia.

Jumanne, 16 Julai

Tumelifungua. Ndani ya gurudumu bitana za breki zimelika mpaka misumari yake imetokeza. Hiyo misumari ndiyo iliyokuwa inakwaruza chuma na kulia. Na kila kitu kimelowa mafuta ya kondoo. Gurudumu hilo halikushika, misumari ilisugua tu mpaka mafuta yakaungua, mengine matatu yakafanya kazi ya manne mpaka yakachemka.

Vipuri huku hakuna. Gari jingine hakuna, la zahanati limeharibika nalo. Yosefu katembea kuuliza kila mahali. Pikipiki zipo. Hakuna aliyetamka neno pikipiki mbele ya Martina.

Boay kakunja bomba la mafuta ya breki la gurudumu bovu, kalibana kwa praizi, kalifunga kwa waya. Sasa yanafunga matatu, hilo halipati kitu. Kasema kupanda si kama kushuka, gia ya nguvu itavuta. Hofu yake ni moja. Injini ikizimika mlimani, hakuna breki ya mkono, litarudi nyuma. Hapo ni mtu wa gogo. Ni mimi.

Jioni Gidamis kaja. Boma lake liko upande wa pili wa bonde, habari zilimfikia. Hakuingia. Alikaa chini nje, kavua shuka kichwani. Nilitegemea Yosefu amtukane. Yosefu alitaka, nilimwona. Martina ndiye aliyetoka, taratibu, kashika ukuta, kampa shikamoo. Gidamis kaitikia kwa sauti ndogo sana. Kisha kasema, "Ng'ombe wangu mwenyewe nilimpaka hivyo na alipona." Si kujitetea. Alikuwa hajaelewa bado, anajaribu kuelewa. Martina kamwambia, "Babu, hata mimi ningempaka."

Kaomba aonyeshwe gogo langu. Kalipima mkononi. Kesho naye atapanda, kasema. Upande wa mguu mgonjwa ni wake.

Jumatano, 17 Julai

Tumefika. Naandika kwenye ubao wa gereji Mbulu, Boay kalala kwenye kiti cha gari na viatu.

Tulianza kukiwa na giza kidogo kwa sababu ya joto. Martina kiti cha mbele amewekewa mito. Yosefu nyuma yake, kamshika mabega. Mimi natembea tairi la nyuma kulia na gogo langu, Gidamis tairi la nyuma kushoto na la kwake. Boay anakwenda mwendo wa mtu. Pakiwa na mteremko mdogo tunamwambia asimame kwanza. Vumbi lote lilikuwa letu. Mdomo ulikuwa udongo.

Mlimani kwenyewe mapafu yaliwaka. Gogo la mgunga lilikuwa zuri nikilichonga, njiani lilikuwa adhabu. Gidamis ni mzee kwangu mara mbili na alikuwa anaongea na gari njia nzima, Kibarbaig, sauti ya chini, kama anapeleka ng'ombe mtoni. Nikamuuliza analiambia nini. "Namwambia asione haya. Na wewe beba, acha kuuliza."

Pale tuliponusa nyama, kona ileile, jiwe likatoka chini ya tairi la mbele. Injini ikakohoa ikazima. Kisha gari likaja nyuma.

Niliweka gogo. Kokoto. Gogo likateleza juu ya kokoto kama sabuni, tairi likalisukuma, nikalisukuma na mimi, kwa mikono, upumbavu, nilisikia Boay anapiga kelele toka! toka! Nilimwona Martina kwenye kioo cha pembeni. Hakupiga kelele. Kafumba macho, mkono tumboni.

Kisha gari likasimama. Likayumba mara moja, likakaa.

Ni Gidamis. Hakuliweka gogo lake juu ya kokoto. Alikwangua kwanza kwa mguu mpaka udongo mgumu, pale pale gari linarudi, halafu ndipo akaliweka. Tairi lilipanda juu ya gogo nusu na kukwama. Yeye amekaa chini nyuma yake, mgongo kwenye gogo, miguu kwenye ukingo, macho yamemtoka. Mguu mbovu ndio uliotushika. Nikambadilisha kwa mawe, moja, jingine, mpaka akaweza kutoka. Nikamwinua.

Boay akawasha. Ikawaka. Tukapanda mpaka juu, baridi ikatupiga usoni na tukaona shamba la ngano la mtu. Hapo Martina akasema, "Nina njaa." Yosefu akacheka mpaka akakohoa.

Hospitali walimpokea, wakampima, wakamlaza. Presha juu. Nesi kasema mmefanya vizuri hamkungoja. Baba Yosefu alikuwa getini tangu asubuhi, koti la ibada, kofia mkononi. Gidamis alipomwona kasimama mbali. Mzee kamfuata. Kaanza kumchomoa miiba kwenye shuka, mmoja mmoja. Nikaondoka, haikunihusu.

Ijumaa, 19 Julai

Martina bado. Presha imeshuka kidogo. Fundi kafungua magurudumu yote manne, kaosha kwa petroli, bitana mpya zimetoka Babati. Ametuita majina ambayo sitayaandika. Kisha kanunua chai.

Kiganja changu kimechubuka, sishiki vitunguu. Nimelala mchana. Mara ya kwanza tangu nifike huku.

Jumatatu, 22 Julai

Msichana. Usiku wa kuamkia leo. Mdogo lakini analia sana, Yosefu kasema wodi nzima wanamjua. Habari ilimkuta Mama Yosefu anapanda yale maharage ya kwenye chesesi nyuma ya jiko, panapomwagika maji ya kuogea, maana ni kiangazi. Kaendelea kuyapanda huku machozi yanadondoka. Hakutaka msaada.

Jumatano, 24 Julai

Baridi, ukungu. Mafungu ya mwisho ya vitunguu yamepakiwa kwenye gari. Nimevitandika mwenyewe.

Tumemrudisha Gidamis mpaka juu ya mteremko, kutoka pale anashuka kwa miguu, hakukubali mbele zaidi. Asubuhi breki mpya zina sauti kidogo zikiwa na umande, kama mtu anayesafisha koo. Alisikia. Akamtazama Baba Yosefu. Kibuyu chake kilikuwa kiunoni, kimejaa tena, nilikiona.

Baba Yosefu kasema, "Mwache alie kidogo."

Gidamis kapiga tairi kwa kiganja mara mbili, akashuka.

Mzee kaniambia kesho kutwa Boay atanipeleka Babati asubuhi, nipande basi la Singida, kisha yale mengine. Kanipa fungu la vitunguu swaumu la nyumbani. Sikujua nicheke au vipi. Nimempigia Asteria, nikamwambia tarehe. Safari hii hakunyamaza, ameniuliza apike nini.

Nitafika Kasulu Jumapili, tarehe ishirini na nane, Mungu akipenda, kabla jua halijazama.